Wachezaji Wanne wa Kanga

Rotterdam, 12 Januari 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na wote waliomo nyumbani wawe wazima. Mimi sijambo, ila baridi ya mwaka huu imeniingia mpaka magotini. Shamsa ametimiza miaka saba. Ameng'oka meno mawili ya mbele na anajidai nayo kama amepewa zawadi. Msalimie mkweo Aziza, na binti yake Mwanahalima mwambie baba yake mdogo anamkumbuka. Jumanne naye msalimie, kama bado anazipokea salamu zangu. Najua mwanao hajanisamehe kwa kukosa matanga ya mama, na tangu siku zile hatujasemezana.

Sharti lako nimelishika: hakuna ujumbe wa simu, kwa kuwa unaisha kabla hujakaa vizuri kitini, na kupiga ni bure maadamu masikio yako yamezidi kuziba. Naandika kwa kalamu, na pambizo nimeacha, wewe mwalimu wangu usije ukanikata alama.

Sasa jambo lenyewe. Kampuni ninayofanyia kazi inatengeneza mashine za gemu, zile za kuunganisha na televisheni. Ni kampuni ndogo na mwaka huu haina budi kuchagua njia. Wapo wanaosema tuwatengenezee watoto na familia, michezo ya watu wengi waliokaa pamoja sebuleni. Wengine wanasema familia ni kazi ya kujichosha: mtoto akikua anaiacha, wazazi wanaificha mashine kabatini, na nyumba nzima inatosheka na moja. Wao wanamtaka mtu mzima anayeishi peke yake, anayerudi kutoka kazini, akafunga mlango, akacheza. Huyo hana wa kumwambia zima. Mimi niko upande wa familia, na idara yangu yote iko huko. Tukishindwa, idara itafungwa nami nitakuwa sina kazi.

Tumechagua nyumba thelathini katika nchi mbalimbali zijaribu mashine hiyo kwa miezi minne. Moja ni nyumba yetu ya Kanga, huko Mafia. Nimewaandikisha wachezaji wanne: Jumanne, Aziza, Mwanahalima na wewe. Usicheke. Ni mchezo wa kupika, watu wanne jiko moja, kila mtu na pedi yake ya vitufe ya kushika mkononi, na wageni wanaingia wana njaa. Ndani ya mashine mna laini ya simu. Kila siku itatuletea taarifa ya pedi zilizotumika na muda wake. Haipigi picha wala haisikilizi mazungumzo, nimehakikisha mwenyewe. Mzigo utashukia Kilindoni.

Nikiwaambia watu hapa neno familia, ninayoiona ni nyumba ile: sinia moja katikati, sisi tumeizunguka, nawe unatugawia samaki kwa mkono wako. Naomba unisaidie.

Kuhusu kuja, tutaona mwaka huu.

Mwanao,
Maliki


Kanga, 23 Februari 2025

Mwanangu Maliki,

Marahaba, na Mungu akuondolee hiyo baridi ya magoti. Ungekuwa unavaa nguo nilizokwambia usingenililia. Sisi huku ni wazima. Minazi imekwewa wiki iliyopita, nimepata nazi za kutosha na maneno mengi kutoka kwa mkwezi. Mbuzi wa jirani ameingia tena kwenye mihogo yangu, na jirani ameapa tena kwamba si wake.

Sanduku lako limefika. Amelileta Tumaini, muuguzi wa zahanati. Ni binti wa Singida, aliletwa huku mwaka jana. Kila mwezi huenda Kilindoni kuchukua dawa, na akirudi hupita kwangu kwanza. Ndiye aliyeunganisha nyaya. Mimi simsikii, kwa hiyo nimetundika ule ubao wangu wa zamani sebuleni, na mtu akiwa na neno analiandika kwa chaki. Tumaini aliandika maelezo yako yote ubaoni, na alipokosea herufi nilimsahihisha. Alicheka mpaka akakaa chini.

Basi tunacheza. Kila siku baada ya swala ya laasiri, mkeka unatandikwa na kila mtu anakaa pahala pake. Jumanne ameunguza wali siku tatu mfululizo. Hana subira tangu utoto. Aziza ni hodari wa kukatakata. Mwanahalima anawapelekea wageni sahani ambazo hawakuziagiza, lakini anazipeleka kwa heshima. Mimi naosha vyombo, kwani hata kwenye televisheni lazima aonekane wa kuviosha. Andika katika kitabu chako kwamba familia imeridhika.

Nina neno moja la kuuliza. Katika barua tatu zilizopita umeniandikia meno ya Shamsa, viatu vya Shamsa na homa ya Shamsa. Mama yake hujamtaja hata kwa herufi. Hajambo?

Mimi mama yako mdogo,
Shufaa


Rotterdam, 27 Machi 2025

Mama mdogo,

Shikamoo, na saumu njema kwa siku zilizobaki. Mimi nafunga na kazi naifanya hivyo hivyo. Wenzangu wakinywa kahawa mbele yangu huomba radhi, kisha wanaendelea kunywa. Shamsa ameanza kuogelea. Mama yake hajambo, ana shughuli nyingi.

Nikueleze furaha yangu. Nyumba ya Kanga inaongoza. Katika nyumba nyingine watoto wananyang'anyana pedi, mmoja aliirusha ikavunja kioo, na wazazi wengi waliacha baada ya wiki ya kwanza wakawaachia watoto peke yao. Kwenu hakuna aliyekosa hata siku moja, wote wanne! Bosi wetu, mama mmoja mrefu asiyesifu hovyo, alisimama mbele ya chati yenu akasema hajaona familia yenye adabu namna hii. Kila mmoja anangoja zamu yake na hakuna anayemwingilia mwenzake. Nilijivuna mpaka nikaona aibu. Nilimwambia ndivyo tulivyolelewa.

Anaomba picha moja, ninyi wanne mkekani. Ikipendeza, watatuma watu wa kamera wawapige filamu ya matangazo. Kwa nyumba yenu tu, upande wetu unaweza kushinda. Niulizie pia Jumanne kama ana neno la kuniambia. Mimi maneno ninayo, ila sijui niyaanzie wapi.

Idi njema kwenu nyote.

Maliki


Kanga, 24 Aprili 2025

Mwanangu Maliki,

Marahaba. Idi ilikuwa njema, alhamdulillahi. Nilipika pilau ya kibaba kimoja na mpaka kesho yake ilikuwa bado ipo. Jumanne anasema neno lake litakuja wakati wake.

Picha, hapana. Kwanza Mwanahalima amevimba mashavu kwa matubwitubwi, na mtoto hapigwi picha akiwa vile. Pili sipendi watu nisiowajua wawatazame wanangu. Jicho la mtu huwezi kulirudisha lilikotoka. Mwambie bosi wako ashukuru kwa chati.

Maoni hukuniomba, lakini mwalimu hata akistaafu maoni hayamwishi. Nyie mnaosema mnawapenda watoto na familia, jiangalieni. Mkimpa mtoto mashine ili baba na mama wapate kupumzika mbali naye, hiyo si ya familia, mmewauzia yaya asiyekula. Nimefundisha watoto wa Kanga na wa Kirongwe, namjua mtoto anayecheza na mzazi wake na namjua anayecheza ili asimsumbue mzazi wake. Wote wawili wanacheka, lakini huyu wa pili hugeuka kutazama mlangoni. Kama mtatengeneza kitu ambacho mtu mzima hawezi kukiacha akaenda zake, hapo sawa. Kama sivyo, hao wenzako wa mtu mmoja angalau hawajifichi nyuma ya mtoto.

Tumaini amehamishwa. Barua ya uhamisho ilikuja Jumatatu na Alhamisi alikuwa ameshaondoka, amepelekwa Kibiti. Alikuja kuniaga asubuhi. Aliandika ubaoni kwamba nisiache dawa ya presha, kwamba nimwagilie mchicha wake alioupanda nyuma ya zahanati, na kwamba mimi ndiye mwalimu wa mwisho aliyemsahihisha herufi. Alikuwa anapenda chai yenye mdalasini mwingi. Alikuwa akifika, anavua viatu mlangoni, anapiga sakafu kwa mguu mara mbili ili niusikie mtikisiko. Mchicha nimeumwagilia. Muuguzi mpya bado hajaletwa. Barua hii ataipeleka kijana wa bodaboda, na kama ataisahau mfukoni wiki mbili usinilaumu.

Na hiyo "ana shughuli nyingi" nimeisoma, Maliki. Nimeisoma vizuri.

Mama yako mdogo,
Shufaa


Rotterdam, 20 Mei 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne. Pole kwa kuondokewa na Tumaini. Nimeisoma aya ile kuliko aya zote.

Jumapili nilikwenda ofisini peke yangu nikafungua taarifa za nyumba yetu. Si ule muhtasari wa chati, bali taarifa zenyewe, mstari kwa mstari, kila kitufe na sekunde iliyobonyezwa. Tangu Februari, hakuna hata mara moja ambapo pedi mbili zimebonyezwa kwa wakati mmoja. Inacheza pedi ya Jumanne, inanyamaza. Zinapita sekunde kumi au kumi na moja. Inaanza ya Aziza. Zinapita sekunde nyingine kumi na moja, inaanza ya Mwanahalima. Wiki aliyokuwa na matubwitubwi alicheza kila siku. Wali unaungua kila siku, kwa sababu anapopika mmoja hakuna mwingine wa kuutazama. Na pilau ya kibaba kimoja, watu wanne, siku ya Idi, ikabaki mpaka kesho yake?

Mama mdogo, uko na nani nyumbani?

Nisikuulize wewe tu, huku mimi nimekaa kimya. Mimi na mama yake Shamsa tumeachana, huu ni mwaka wa pili. Shamsa anaishi kwake. Mahakama imenipa Jumamosi mbili kwa mwezi, saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Sikukuambia kwa sababu uliniuliza siku ya harusi kama nina hakika, nami nilikujibu kwa kiburi. Sebuleni kwangu nina mashine kama hiyo yako. Shamsa aliishika pedi mara moja akasema ni mchezo wa watoto wadogo. Siku zote hizi nawapigia wenzangu kelele juu ya familia, na familia niliyokuwa nayo kichwani ni ninyi, kwani ya kwangu haipo.

Kikao cha uamuzi ni tarehe nne Julai. Watu wa kamera wanapanga safari ya Mafia. Nikinyamaza tunashinda. Nikisema ukweli, nimekuaibisha, na kazi nimeipoteza. Nijibu upesi.

Maliki


Kanga, 11 Juni 2025

Maliki,

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya godoro siku mbili, kwa hasira. Nani kakutuma kunihesabia vidole? Nimekulea tangu una miaka tisa, siku mama yako alipoanza kuugua. Kujumlisha na kutoa nimekufundisha mimi, na hesabu hizo hizo ndizo ulizotumia kuingia ndani mwangu bila hodi. Usirudie.

Haya, umeshaingia, kaa. Sina mtu.

Jumanne na mkewe na mtoto walihamia Dodoma, Agosti hii inatimia miaka miwili. Ujenzi uko huko, na fundi hawezi kukaa Kanga kumngojea mtu abomoe ukuta wake. Alisema miezi sita. Pesa ya matumizi analeta, sitamsingizia. Yeye mwenyewe hajaja. Sikukuambia, na hata watu wa hapa nawaambia wako njiani. Mama hamvui mwanawe nguo barabarani. Ningesema kaniacha, watu wangelishika neno hilo wakalitaja kila linapotajwa jina lake, na wewe ungepata la kumlipizia kwa ajili ya yale ya matanga. Kwa hiyo nilimsitiri. Nilikusitiri na wewe vilevile, kila nikiulizwa mbona Maliki haji nasema kazi yake ni ya serikali za huko, hawamruhusu.

Mashine ilipokuja, uliandika wachezaji wanne na kwamba riziki yako iko kwa hao wanne. Ulitaka nifanye nini? Nimejaza daftari la mahudhurio miaka thelathini na moja. Msimu wa mwani niliwaandika watoto wa watu kwamba wapo darasani, nao wako majini na mama zao, ili wazazi wasiitwe kujieleza. Kumwandika mtu yupo si kazi ngeni kwangu. Nilitandika mkeka, nikapanga pedi nne, nikakaa pa Jumanne karibu na mlango nikacheza zamu ya Jumanne. Kisha nikainuka nikaenda pa Aziza. Hizo sekunde kumi na moja bosi wako anazoziita adabu ni magoti yangu.

Mwanzo nilifanya kwa ajili yako. Baadaye, nisikufiche, nilifanya kwa ajili yangu. Nikikaa pa Mwanahalima nilicheza kitoto makusudi, nikakosea sahani, halafu nikarudi pangu nikamgombeza. Nilimgombeza kwa sauti. Mimi siisikii, lakini koo lilikuwa linatetemeka, na hilo nalo ni kitu. Ikifika saa tisa nilianza kutazama saa kama nina mgeni. Alipoondoka Tumaini nilikuwa nacheza mpaka karibu na magharibi.

Unaniuliza uwaambie nini. Waambie hivi. Mchezo wenu wa familia umeniunguzia wali siku zaidi ya mia, kwa kuwa jikoni pana watu watatu ambao hawapo. Mchezo huo ulinikera, ila haukunidanganya. Nikitengenezewa mchezo wa mtu mmoja, wali hautaungua kamwe. Kila kitu kitapimwa kinitoshe mimi, nami nitakaa humo nimetulia, sitakuwa na haja ya kumwandikia mtu. Hao wenzako wanaompenda mtu aliyefunga mlango, waulize wana mpango gani wa kumgongea.

Nitaje kwa jina. Nimechoka kusitiri. Ila Jumanne usimwambie chochote.

Pole kwa Shamsa na mama yake. Siku ya harusi sikukuuliza ili nije nikusute.

Shufaa


Rotterdam, 19 Julai 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Barua yako ilifika siku mbili kabla ya kikao. Shamsa hajambo, jino moja limeota.

Nilisimama nikawaeleza yote. Niliwaambia mchezaji wa Kanga ni mmoja, ana miaka sitini na nane, ni mwalimu mstaafu, jina lake Shufaa binti Sabiti. Hakuna aliyekucheka. Bosi aliinamisha kichwa akaandika maneno yako ya wali, neno kwa neno. Kwa dakika moja nilidhani tumeshinda.

Kisha mmoja wa upande wa pili akaomba kusema. Alisema kwa upole kabisa. Alisema, basi nyumba bora katika thelathini ni ya mtu mmoja. Mtu mzima, anaishi peke yake, anacheza kila siku saa ile ile, miezi minne hajakosa. Huyu, akasema, ndiye mteja tunayemzungumzia. Akaichukua chati yako akaibandika upande wao.

Wamepiga kura na sisi tumeshindwa. Idara inafungwa mwisho wa Agosti. Mashine zote za majaribio zitazimwa kutoka huku, na yako pia. Nisamehe, nilitaka kukutetea, nikakukabidhi kwao.

Nimekuasi katika jambo moja. Nilimpigia Jumanne. Alipokea, nikasikia zege linachanganywa nyuma yake. Akasema, "Kumbe namba yangu unayo." Nikasema ninayo. Nilimwomba radhi ya matanga. Siku ile nilikuwa nimeshapata tiketi, mama mdogo, na nikaogopa kufika nikakuta kaburi limeshafukiwa. Sikuwahi kumwambia mtu hilo. Halafu nilimwambia habari za pedi nne. Akakata simu. Baada ya saa moja alipiga tena akaniuliza ulikuwa unamchezaje yeye. Nikamwambia ulimwunguzisha wali kila siku. Nikamsikia analia, na mimi nikalia.

Sasa mimi. Kazi inaniishia, na kwa siku tatu nimekaa naitazama safari ya Dar es Salaam kwenye kompyuta. Nikirudi kuishi Kanga hakuna mahakama itakayonipa Jumamosi huko. Nitakuwa baba wa kwenye simu, na Shamsa atanizoea hivyo. Nikibaki, wewe unakaa peke yako na ubao. Sijui la kufanya. Sema neno moja tu, sema njoo, nami nitakuja.

Maliki


Kanga, 28 Septemba 2025

Mwanangu Maliki,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa kuwa nilitaka nikuandikie nikiwa na la kusema. Mihogo imetoka vizuri mwaka huu, yule mbuzi amechinjwa na jirani sasa anakiri alikuwa wake. Muuguzi mpya amekuja, mwanamume, mwandiko wake haufai. Mashine ilizimika kama ulivyosema. Taa inawaka, mchezo haufunguki. Nimeifunika kitambaa.

Jumanne alikuja shule zilipofungwa, na Aziza na Mwanahalima. Siku tano. Mtoto amenipita bega, nilikuwa namchezea wa miaka tisa na mwenyewe ana kumi na moja. Walipotelemka kwenye gari nilisimama mlangoni kama mgeni ni mimi. Tulikula, tukatembeleana na watu, kila mtu ananiambia hongera wamerudi. Siku ya tatu baada ya chakula nikashindwa. Nilimwambia Jumanne mbele ya mkewe: "Mmeniacha." Maneno hayo sijawahi kuyatoa mdomoni, hata nikiwa peke yangu.

Aliinuka akaenda ubaoni. Akaandika: Ndiyo, mama. Akabaki ameshika chaki. Aziza alitoka nje. Mwanahalima akaja akalala na kichwa chake mapajani kwangu, na ni mkubwa, miguu ilivuka mkeka.

Wanataka nihamie Dodoma. Nimesema Desemba nitakwenda kutazama, na Januari nitarudi kwangu. Sina umri wa kujifunza vumbi la watu. Walipoondoka nililia barabarani, kila mtu akaona, na hakuna lililoharibika. Ubao sijaufuta.

Sasa wewe. Nimekusamehe ya matanga, nilikusamehe siku ile ile, hata kabla hujasema ulichoogopa. Lakini na wewe umeniacha, Maliki. Nimekusamehe, na umeniacha, na yote mawili ni kweli, sitaki tena kuandika moja nikaficha lingine. Ziko siku nimekutaka mpaka nimelitoa shati lako la shule sandukuni nikalifua, halina uchafu wowote.

Ulisema niseme njoo. Nimelikalia neno hilo wiki nane. Kuna asubuhi nililiandika kwenye karatasi, nikavaa niende Kilindoni kulituma mwenyewe, na nikafika hadi kituoni, kisha nikarudi nyumbani. Usije kuishi. Njoo kunitazama ukipata nauli, umlete Shamsa mama yake akiridhia, lakini usihame huko. Mimi nimemlea mtoto ambaye kila jioni alikaa barazani kuangalia kama mama yake anakuja. Alikaa hivyo mwaka mzima. Wewe hukumbuki, mimi nakumbuka, kwani nilikuwa nimekaa nyuma yako. Sitamfanyia Shamsa hivyo ili nipate mtu wa kunywa naye chai.

Tafuta kazi yoyote hapo hapo. Osha vyombo, beba mizigo. Mtoto akisema mchezo huo ni wa wadogo, mwulize wa wakubwa ni upi na ucheze naye huo, hata kama hukuutengeneza wewe. Nami niandikie kila mwezi, hata ukiwa huna habari.

Jumamosi ikifika, usichelewe.

Shufaa binti Sabiti,
mama yako